Usirudi Ziwani

Gentille mwanangu,

Hapa Louisville tuko salama, mguu wa baba yako tu ndio unavimba. Charlotte, unayekaa naye, ameniambia huko Buffalo uwanja wa barafu hauwapi tena watu wakubwa kama wewe saa za mazoezi, na kuukodi kunakula mshahara wako wa wiki. Donc, ndiyo maana unateleza juu ya ziwa lililoganda, peke yako. Jumapili barafu ilipasuka, ukazama hadi kiunoni.

Mwanangu, nikuungamie. Mimi na wamama wa kanisa tulifunga siku tatu, tukiomba uwanja ule ukukatae ili uache kuteleza, uolewe. Habari ya kwamba uwanja umewakataa ilipofika, tuliimba.

Sasa nafunga peke yangu, naomba wakufungulie uwanja. Wamama wananicheka: "Mama Gentille, Mungu ashike ombi lipi?"

Usirudi ziwani. Ngoja kwanza anijibu.

Mama yako asiyelala