Uvimbe Ulioufunga kwa Kitambaa

Masenge,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huwezi kuitikia, shangazi yangu, lakini ulinifundisha nisimshike mtu kabla sijamsalimu, kwa hiyo nimekusalimu. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe. Nimeibeba miezi mitano tangu tukuzike, nimekwenda nayo kanisani na kurudi nayo. Leo baada ya ibada nimekaa nyuma ya jiko, jua linaniunguza shingo, nimeamua kuiandika. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la nne. Vumilia.

Kwanza nikupe habari. Maharage yako nimeyavuna, yalikuwa mazuri. Watu wa serikali wametuhamisha wote tukae kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Ile yako ya kule mlimani Muyama imebaki kuta, mbuzi wanalala ndani. Mkeka wako wa kukandia nimeuhamisha mwenyewe, kichwani, sikukubali upandishwe kwenye trekta pamoja na masufuria ya watu. Watu wanaendelea kuja. Wengine bado wanaita "hodi kwa Masenge," halafu wanakumbuka, wanaziba mdomo.

Nafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Mtu akija mara ya kwanza namwambia: leo hukandwi. Leo unakaa, unakunywa uji, unanieleza unavyolala, unabeba ndoo kwa mkono gani, mgongo ulianza kuuma wakati wa kulima au wakati wa kupalilia. Namtazama anavyoinuka. Siku ya pili ndiyo analala. Namfunika kanga mwili mzima, nafunua pale tu ninapofanyia kazi, nikimaliza nafunika. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nayapasha mpaka yaniridhishe mimi kwenye kiganja, ndipo yamguse yeye. Namwambia mapema kwamba atasikia maumivu ya namna mbili. Yapo yanayouma huku mtu anataka uendelee, hayo aseme "hapo hapo." Na yapo yanayomfanya ashike pumzi, hayo aseme "leka," nami nitaacha papo hapo bila kuuliza. Namwambia kesho yake atajiona kama aliyelima ekari nzima, asiogope, asioge maji baridi, keshokutwa atakuwa mwepesi. Na asijifanye jasiri. Hilo ulikuwa ukilisema kwa ukali kuliko yote: "Hapa sitaki majasiri. Jasiri nitamvunja mbavu, na hatasema."

Ulimwambia hivyo hata yule bibi aliyevuka kutoka Burundi, miguu imevimba kama magogo. Alikuwa anauma upindo wa kanga asilie. Ukaacha kukanda, ukakaa chini, ukamwambia, "Bibi, mimi na wewe nani ana miguu? Sema leka!" Akasema. Akasema kwa sauti mpaka kuku wakatoka jikoni, tukacheka wote watatu, naye akalia vizuri.

Wewe, Masenge, ulisema leka kwa nani?

Nilifanya kazi pembeni yako miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kukugusa mgongo. Ulisema mkono wa mwanafunzi ukimkanda aliyemfundisha unasahau kazi, ndivyo ulivyokatazwa na mama mkubwa wako, naye alikatazwa na wake. Nikaamini. Nilikuona ukianza kutwanga kwa mkono wa kushoto. Nilikuona ukivaa kitenge cha pili juu ya cha kwanza hata wakati wa jua. Nikikuuliza unasema, "Uzee, mwanangu, wewe subiri utauona." Mimi, uliyenifundisha kumsoma mtu anavyoinuka kwenye kiti, nilikuamini kwa mdomo na macho yangu nikayafunga. Hasira hii sehemu yake ni yangu mwenyewe, nimekwisha kuiungama kwa padri. Sehemu kubwa lakini ni yako.

Maana mara ya kwanza kukushika ulikuwa umepoa. Walinipa nikuoshe pamoja na mama Anastazia na yule mke wa balozi wa nyumba kumi. Tulipofungua kitenge cha ndani nikakuta umejifunga kwa kitambaa, umekaza kifuani kama anayebana mzigo wa kuni. Nikakifungua. Titi la kulia, Masenge. Gumu kama mzizi wa muhogo uliokosa kuiva, ngozi imeingia ndani, na kwapani kuna mavimbe mengine, madogo, nikayahesabu kwa vidole. Kitu kile hakikuanza mwaka jana. Vidole hivi vingekipata kikiwa kama punje ya mahindi. Kwa hili ulinifundisha! Ulikuwa ukiniambia, "Ukikuta kitu kisichotembea chini ya kidole, ondoa mkono, usikikande, mpeleke kwa daktari." Ulipeleka wanawake wangapi? Wewe ulijifunga kitambaa.

Mama Anastazia akafanya ishara ya msalaba. Mke wa balozi akasema, "Jamani, alikuwa na moyo! Hakuwahi kulalamika." Kaburini wakarudia hivyo hivyo, katekista naye akasema ulibeba msalaba wako kimya. Nilitamani kumnyang'anya kile kitabu chake cha sala. Yesu mwenyewe hakunyamaza msalabani, alilia kwa sauti kubwa, imeandikwa. Wewe ulitaka kumpita?

Na kama unavyojua, anayeosha maiti hasemi aliyoyaona. Tukafunga mdomo sote watatu. Ukazikwa na siri yako, kama ulivyotaka.

Sasa nikueleze nililofanya, maana ndilo lililonikalisha hapa.

Kuna mwalimu mpya hapa shuleni, Mwalimu Rehema, mtu wa Pangani, kaletwa na serikali. Mcheshi sana. Alikuja na bega la kulia linalomuuma. Siku ya kwanza alikunywa uji wangu akasema, "Mama Stefano, baridi yenu hii inaingia mpaka kwenye meno. Kwetu mtu akitetemeka hivi anapelekwa kusomewa." Nikamweleza yote ya mkeka. Akasema ana aibu, hajawahi kulala mbele ya mtu zaidi ya mumewe, "na yeye namlazimisha azime taa." Nilicheka. Siku ya pili akalala, akasema Bismillahi, nami nikafanya msalaba wangu, kila mtu na wake. Nikaanza shingoni, nikashuka begani, anasema "hapo hapo, Mama Stefano, Mungu akuweke." Nikafika chini ya kwapa.

Punje ya mahindi. Haitembei.

Niliondoa mkono kama nimeshika kaa la moto. Nikamfunika. Nikamwambia taratibu, kama ulivyonifundisha, kwamba kuna kitu, sikijui, mimi si daktari, aende hospitali Kasulu wakakitazame, na mpaka kitazamwe mimi simkandi tena. Akakaa. Akavaa blauzi. Uso umebadilika kabisa.

"Nimekuja kukandwa bega, sijaja kupimwa."

Nikasema najua, mwalimu.

"Hiki ninacho tangu mwaka juzi. Hakiumi. Wewe umekuwa daktari tangu lini? Usimwambie mtu, nakuomba, mtu wangu akisikia ataoa mwingine." Akaondoka, hata kanga yake akaisahau.

Wiki tatu alinipita njiani kama mti. Akaenda kulalamika kwa mke wa balozi kwamba nimemfukuza. Mke wa balozi akaja mpaka mlangoni kwangu, mikono kiunoni: "Veronika, Masenge hakuwahi kufukuza mtu. Wewe kazi imekushinda, sema tu." Yeye, Masenge! Aliyekuona titi lile pamoja nami! Nilimtazama, naye akatazama chini. Alijua ninachofikiri. Kisha akasema polepole, "Yale ni ya kaburini. Usiyalete juu."

Nilisali siku tisa. Sikupata jibu lingine. Alhamisi nikachukua kanga ya mwalimu, nikaikunja, nikaenda kwake watoto wakiwa kwenye shamba la shule. Sikukaa. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia jina lako. Kitambaa, jinsi kilivyokazwa, vitenge viwili, mkono wa kushoto. Nikamwambia ngozi ilivyoingia ndani na yale ya kwapani, na kwamba wewe ulikuwa na vidole bora kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Manyovu na ulijua kabisa ni nini, na ulikufa kwa aibu. Nikasema hivyo, kwa aibu. Sikukulilia siku ya maziko, nikaja kukulilia mbele ya mtu wa Pangani, kanga yake mkononi.

Kisha akaniuliza, "Aliumwa sana mwishoni?"

Nikasema sijui. Hilo ndilo linaloniua, sijui, maana hukuniambia.

Akachukua kanga yake. Akasema, "Lori la ushirika linakwenda lini Kasulu?"

Masenge, wamesikia. Ukuta wa nyumba hizi mpya ni fito na udongo mbichi. Jana akina mama wa kigango wameniondoa kwenye kundi la kuosha, wamesema mdomo wangu hauna mlango. Mama Anastazia alikuwepo, hakunitetea, ila wakati wa kutoka alinibana kidole gumba kwa nguvu. Kuondolewa huko kumeniuma. Nimewaosha mama zao. Sitasema haikuniuma.

Kesho tunaondoka na hilo lori, mimi na mwalimu. Sijui watamwambia nini. Inawezekana si kitu. Inawezekana tumechelewa, mwaka juzi ni mbali. Ameniomba niwe ndani wakati daktari anamshika, nami nimekubali, na nimemwambia akiumia aseme leka kwa sauti, hata kama daktari ni mwanamume.

Sikuombi radhi. Nilikaa nikijaribu kuandika samahani hapa na mkono umekataa. Ulinilea nilipofiwa na mama, ulinipa kazi ya kunilisha, ulinilaza kwenye mkeka ule ule homa iliponishika, nilikusikia ukisali mpaka kukapambazuka. Kisha ukaninyima nafasi ya kukutendea hivyo hata siku moja. Ningekukanda miguu tu, Masenge. Miguu tu ningeshukuru.

Basi nakuaga hapa, kuku wanaingia jikoni. Misa yako ya kila mwezi ipo palepale, sitaiacha. Na nakuahidi jambo ambalo hutalipenda. Kila mwanamke atakayelala kwangu, kabla sijapasha mafuta, nitamwuliza juu ya titi na kwapa. Akininyamazia nitamtajia jina lako, la ubatizo na la ukoo, na kilichokuua. Nitawafundisha binti zangu wafanye hivyo hivyo, na watanikanda mimi, kila mwezi, watake wasitake.

Ukiona vibaya, mshitakie Mungu, uko karibu naye. Mimi nimeshamwambia, na hajanikataza.

Mwanao,
Veronika