Msafara Uliongoja Wahindi

Lodwar, Turkana
Jumapili, baada ya misa

Dada Wakesho,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi la Kitale. Ilikuwa imelowa jasho lake, lakini inasomeka. Je, mguu umepungua uvimbe, au bado unajitibu kwa kusimama jikoni kutwa? Nimefurahi kusikia ndovu hawajarudi shambani. Mimi ni mzima. Joto la Lodwar ni lile lile: ukiacha mshumaa mezani mchana, jioni unaukuta umelala.

Umeuliza kama ni kweli nasafiri na Wahindi huku, na kama ni Wahindi wa duka au wa reli, kwa kuwa hapo Voi hatujui wengine. Si wa duka wala wa reli. Afadhali nikueleze yaliyotokea, maana jibu lenyewe si fupi.

Surua ilikuwa imeingia kambini Kakuma, kule wanakoishi wakimbizi wa Sudan na Somalia. Watoto walikuwa wameanza kufa. Chanjo ilikuwa hapa Lodwar, katika jokofu la hospitali ya misheni, na ilipaswa kupelekwa na wageni watatu kutoka India. Gazeti likaniagiza niende nao. Chanjo hiyo husafiri ndani ya sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka yote, dawa imeharibika, na Lodwar haikubaki nyingine.

Barabara ya Kakuma ina majambazi, kwa hiyo gari haliendi peke yake. Magari hukusanyika asubuhi kwenye kizuizi cha polisi, kisha huondoka pamoja, askari mbele na askari nyuma. Ukiukosa msafara, unangoja kesho. Siku hiyo mkuu wa msafara alikuwa Sajini Omwenga, Mkisii, mgeni wa huku. Alikuwa amepewa amri kwa redio: asiondoke bila Wahindi watatu.

Tukangoja. Jua lilipanda. Sajini alisimama katikati ya barabara akitazama upande wa mjini.

Dereva mmoja Msomali akatoa kichwa dirishani. "Afande, hao Wahindi wanakuja kwa miguu?"

"Nikiwaacha hao wageni, kesho nahamishiwa Lokitaung. Utanifuata huko unipikie chai?"

"Lokitaung hata chai haifiki," dereva akasema, akazima injini.

Mimi nilikuwa nimepanda gari la padri, kwa hiyo nilikuwa sijakutana na hao Wahindi. Niliona Landrova ya hospitali imeegeshwa kivulini, na mwanamke ndani yake akilitikisa sanduku na kulisikiliza. Nilijua ni sanduku la chanjo, nikaenda kuuliza. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba anasikiliza kama barafu bado inagonga. Kisha akaniuliza tunamngoja nani.

Nikamwambia tunawangoja Wahindi watatu.

"Basi tuondoke," akasema. "Sisi ndio."

Dada, nitakueleza sura zao kama nilivyoziona. Mwanamke huyo, muuguzi, anaitwa Lali. Ni mweupe wa manjano, uso wa mviringo, macho membamba. Kwao ni milimani mashariki ya India, karibu na Burma, na watu wa huko ndivyo walivyo. Wa pili ni Murugan, fundi wa majokofu, kutoka kusini kabisa. Ni mrefu, mweusi kuliko mimi na wewe, ila nywele zake ni laini, zimelala. Wa tatu ni Daktari Yakub. Huyo ukimvisha kanzu ungemwamkia ukidhani ni mjomba wetu wa Malindi: nywele za kipilipili, pua pana, midomo yetu. Aliniambia ukoo wake uko Gujarati tangu zamani sana. Babu zao walivushwa bahari kutoka pwani hii, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia, na wamebaki huko wakawa Wahindi.

Nilimweleza sajini. Alinitazama kama mtu aliyepewa noti bandia.

"Mwandishi, usinichezee. Yule mama ni Mchina. Yule mrefu ni Msudani. Na yule wa tatu ni mtu wa pwani, nimefanya kazi Lamu, nawajua."

Wakatoa pasipoti. Akasema za bandia ameshakamata nyingi.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la unga la Bwana Kanti, mfanyabiashara aliyezaliwa Kitale. Sajini alipomwona akafurahi. "Huyu ndiye Mhindi. Njoo, zungumza nao kilugha."

Bwana Kanti akamsemesha Murugan. Murugan akatikisa kichwa. Akamsemesha Lali. Hakuna kitu. Akamgeukia Daktari Yakub, na daktari akajibu, tena kwa kirefu, mpaka wote wawili wakacheka.

"Huyu kwao ni jirani na kwa mama yangu," Bwana Kanti akasema. "Kigujarati chake kinanishinda."

"Kwa hiyo Mwafrika ndiye Mhindi," sajini akasema polepole, "na hawa wawili sio?"

"Afande, India ni kubwa. Mimi mwenyewe sijafika."

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sajini sasa aliamini ana Mhindi mmoja na anangoja wawili. Lali akatikisa tena sanduku. Sauti ilikuwa imepungua.

Ndipo aliposema Ekai, homgadi Mturkana, yaani mlinzi wa kijiji, aliyekuwa apande gari la mbele na bunduki yake. Alikuwa akichonga mswaki muda wote huo.

"Afande, wewe siku ile umetoka Kenya," akaanza. Huku wakisema Kenya wanamaanisha kwetu, Kitale kwenda chini. "Umetoka Kenya ukasema sisi Waturkana tunafanana wote. Sasa Wahindi wamekataa kufanana, unawakasirikia?"

Madereva walicheka. Sajini hakucheka.

"Ng'ombe ya baba yangu iko ya rangi yote," Ekai akaendelea. "Nyeusi iko, nyekundu iko, ya madoa iko. Ikipotea, mimi siulizi rangi. Mimi naangalia sikio, vile imekatwa. Sikio ikiwa ya kwetu, ng'ombe ni ya kwetu."

"Na sikio la mtu liko wapi?"

"Si hiyo umeshika mkononi?"

Sajini akaziweka pasipoti tatu juu ya boneti, moja kando ya nyingine. Jalada lile lile, chapa ile ile ya simba. Akazipekua moja moja, akalinganisha mihuri ya kuingilia Nairobi. Kisha akazirudisha kwa mikono miwili na kupiga filimbi.

Njiani hatukusimama hata mara moja. Tulivuka malaga, ile mito mikavu ya mchanga, kwa kasi ambayo padri hakuipenda. Tulipofika Kakuma, kamba ilikuwa imefungwa barabarani, na konstebo akatuinulia mkono. Alisema hapiti mtu, wanangoja Wahindi.

Sajini Omwenga akashuka, nyusi nyeupe kwa vumbi. Akashika sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili.

"Wamo wote. Nimekagua masikio."

Konstebo hakuelewa, lakini sajini ni sajini. Akaifungua kamba.

Kwenye sanduku, barafu ilikuwa maji, isipokuwa chini kabisa palibaki kipande kama sabuni iliyokaribia kwisha. Lali akasoma kipimajoto, akavaa glavu, akamwita mtoto wa kwanza.

Niliandika habari hiyo na kutuma picha. Mhariri amenirudishia picha kwa basi, na nyuma yake ameandika: "Nzuri, lakini Wahindi wako wapi?" Nimeiweka humu. Tuko wanne, na mmoja ni mimi.

Msalimie shemeji, asiuze baiskeli yangu. Msalimie mama mkubwa wa Mwatate, umwambie dawa yake ya kikohozi niliinywa yote. Mwanao Mghoi na wadogo zake uwape picha wakutajie nani Mhindi. Waache wakosee kwanza.

Ndimi mdogo wako,
Mwakio