Watu Tisa Waliona, Kwa Nini Sikuambiwa?

Mpendwa mshauri Bi Torika,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinipe pole kwanza, nijibu swali langu, kwa sababu tangu wiki iliyopita linanizunguka kichwani hata nikimenya mihogo najikuta nimesimama tu na kisu mkononi: inakuwaje watu tisa waone kitu kimoja kimeharibika, wakione kila siku kwa majuma matatu, asitokee hata mmoja wa kuniambia mimi msimamizi wao?

Nasimamia banda la kufungashia mapapai hapa bonde la Sigatoka. Nilianza mezani kama wao, nikipanga matunda kwenye katoni miaka sita, na mwaka jana tajiri wetu, Bwana Jagdish, akanipeleka Suva kwenye kozi ya uongozi ya siku nne, nikarudi na cheti na funguo, na kwa kweli Bi Torika nilijitahidi, niliwashonea fulana zilizoandikwa Sisi ni Jamaa Moja, kila mwenye siku ya kuzaliwa nikamnunulia keki, nikatundika sanduku la maoni chini ya dirisha la ofisi yangu, na kila asubuhi tukawa na kikao cha dakika kumi ambapo nawatajia malengo ya siku na mwisho nauliza, "Kuna swali?" na hakuna aliyekuwa nalo. Katika sanduku, kwa miezi minane, nilikuta karatasi moja tu, imeandikwa, "Sanduku zuri." Hata Makereta, ambaye ni mtani wangu, maana watu wa kwao na wa kwetu hutaniana tangu enzi za mababu, hata msibani, aliacha kunitania akawa ananiita Bosi, nami nikafurahi nikidhani ndiyo heshima yenyewe.

Sasa nisikilize. Mapapai yetu hayapandi ndege kwenda Auckland mpaka yapite chumba cha joto, ambamo hewa ya moto hupulizwa hadi tunda lipate moto mpaka kwenye kiini, mayai ya nzi yafe. Alhamisi iliyopita mkaguzi alisoma vipimo akatikisa kichwa, joto halikufika. Shehena nzima ikakataliwa, kreti mia tatu, zikapelekwa kwa nguruwe, na mkulima Apisai aliyezileta alfajiri akasimama pale anatazama matunda yake yakimwagwa. Nikaenda mwenyewe kuukagua mlango wa chumba hicho. Ule mpira wa chini umechanika, vidole vitatu vinapita.

"Umechanika lini huu?" nikauliza.

"Zamani kidogo," Makereta akasema.

"Zamani kidogo ndiyo lini?"

"Majuma matatu, Bosi."

"Na mizigo ya majuma matatu ilipitaje?"

"Didi alikuwa anaziba na taulo."

Didi ni Kamlawati, mama wa miaka hamsini na nane, sote humwita Didi, yaani dada mkubwa, na alikaa kwenye mlango ule miaka kumi na minne, na kumbe kila asubuhi alikuwa anakuja na taulo la kwake nyumbani, analilowesha, analikamua, analisokomeza kwenye ule ufa kabla moto haujawashwa, na mimi sijui lolote. Na hapa Bi Torika ndipo penye jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Didi hakuwepo mlangoni siku ile kwa sababu nilimwondoa mimi. Jumatano yake, siku moja kabla, kikaoni, nilipouliza kama kuna swali, alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza, akasema, "Vili mwanangu, ule mlango..." nami nikamkatiza mbele ya wote, "Didi, hapa kazini mimi si mwanao, na kikao hiki ni cha malengo, si cha milango." Watu wakatazama sakafu. Mchana nikamhamishia meza ya lebo, nikasema apumzike na joto.

Nilipomfuata baada ya hasara kumuuliza kwa nini hakumwachia mwenzake lile taulo, hakuacha kubandika. "Uliniambia nibandike lebo," akasema. "Nabandika lebo."

Sasa Bwana Jagdish amesema, "Nataka jina moja, Vilimaina. Mtu aliyejua akanyamaza hanifai." Anataka kabla ya Ijumaa. Nikiandika Didi, anafukuzwa, na hakuna atakayenibishia. Nisipoandika, jina litakuwa langu. Nifanyeje? Na zaidi ya hilo, nieleze, maana nataka kweli kujua: kwa nini walinyamaza?

Wako,
Vilimaina, Sigatoka

*

Vilimaina,

Hukutaka pole, basi nami nakuwekea akiba. Unauliza kwa nini hukuambiwa. Uliambiwa! Umeliandika jambo hilo wewe mwenyewe kwa mkono wako, kisha ukapita juu yake kama anayeruka dimbwi. Mwanamke alinyoosha mkono akataja mlango. Ulimfunga mdomo, halafu ukamhamisha, na wale wanane waliobaki wakapata jibu la swali ambalo hawakuwa wameuliza: msema kweli hupelekwa kwenye lebo.

Ila sikuoni mbaya. Mtu mbaya angekwisha kuandika jina. Wewe uliogopa. Uliwahi kukaa nao mezani, ukadhani wakikuita mwana hawatakuona bosi. Lakini fikiri kidogo: mtu asiyejali kazi yako hakuletei taulo la nyumbani kwake majuma matatu bila kuambiwa na bila kusifiwa. Watu hao unaotaka kuwaamsha kwa keki walikuwa macho muda wote. Kilicholala ni sikio lako. Na nani atumbukize malalamiko kwenye sanduku chini ya dirisha lako, huku umekaa unamtazama? Hata mimi ningeandika sanduku ni zuri.

Basi fanya hivi. Kwa Bwana Jagdish nenda kabla hajakuita, na jina umpe, la kwako, pamoja na kisa chote cha ule mkono ulionyooshwa. Kisha mwombe Didi radhi, na usimwombe ofisini. Ulimwaibisha kikaoni, kamwombe kikaoni, mbele ya macho yale yale. Mrudishie mlango wake, umpe na ruhusa ya kusimamisha kazi asipouamini. Halafu uliza upya, na safari hii usiulize kama kuna swali. Uliza nini kimeharibika, kisha nyamaza mpaka ukimya uwachoshe wao, si wewe.

Wasomaji, kwa kuwa Ijumaa isingesubiri gazeti, maneno haya nilimsomea Vilimaina kwa simu. Jana alinipigia. Tajiri alifoka mpaka majirani wakatoka, akampa miezi mitatu ya kuangaliwa, ila funguo hakumnyang'anya. Akasema ni mara ya kwanza msimamizi wake kujileta mwenyewe. Didi aliposikia radhi alijibu, "Haya, nimesikia," basi, akaenda kuukagua mpira mpya.

"Na ulipowauliza kilichoharibika?" nikamwuliza.

"Walikaa kimya, Bi Torika, nami nikangoja kama ulivyosema. Halafu wakaanza. Saa nzima! Mzani mkubwa unadanganya tangu Krismasi. Bomba la kuoshea linavuja. Na komeo la choo cha wanawake limekatika mwaka mzima, mmoja akiingia mwenzake anashika mlango. Mwaka mzima, na mimi nina choo changu. Leo nimemwita fundi wa mzani."

Mrudishe huyo fundi wa mzani, Vilimaina. Anza na komeo. Mzani ni wa tajiri, na tajiri ana wa kumsemea. Komeo ni lao, na kesho asubuhi wote tisa watakwenda kulijaribu kabla hawajaamua kama wakuambie jingine.