Hitma ya Babu Hartnell

Al Mansoura, Doha
3 Julai 2011

Dada Zuleikha,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila joto la huku linaunguza mpaka usukani. Kanga za mama nimempa Zainabu, anarudi Korogwe wiki ijayo. Barua hii usimsomee mama.

Madamu Olivia, yule Mwingereza ninayemwendesha, alinisaidia kumtafuta babu, bwana shamba Hartnell aliyesilimu akamwoa bibi. Tumempata. Hakufa vitani mwaka 1944 kama bibi alivyoambiwa. Alirudi kwao, akaoa tena, akafa kitandani mwake mwaka 1984. Picha ya kaburi nimeiona.

Hebu fikiria, dada. Miaka arobaini bibi na mama walimsomea hitma mtu aliye hai! Ubani, pilau, walimu wa madrasa, na sisi tukikatazwa kucheza siku hiyo. Kumbe mwenyewe yuko kwao anapalilia maua, na hakuandika hata kadi. Nilisimamisha gari Abu Hamour nikalia. Madamu akaniuliza, nikasema ni vumbi.

Binti yake wa huko ameniandikia kwa adabu sana. Anauliza kama Afrika yupo hata mmoja anayemkumbuka baba yake, maana yeye magoti hayamruhusu tena kwenda kaburini, na mwingine wa kwenda hakuna.

Sijamjibu. Shaabani imeingia, najua mama ameshaanza kuchagua mchele wa hitma. Mwache achague, dada. Yule mzee hana mwingine wa kumsomea.

Mdogo wako,
Twaha