Skrubu Mbili Nilizozipaka Mafuta

Jumapili, saa kumi jioni, mwezi wa Julai. Ukungu ulishuka tulipokuwa tukitoka ibadani na mpaka sasa haujaondoka. Kutoka dirishani siuoni hata mpeasi ulio hatua kumi tu kutoka ukutani. Mke wangu ameleta jiko la mkaa sebuleni. Mikono imepata joto kidogo. Moyo bado.

Leo nimemwambia binti yangu kwamba nilikosea.

Nina miaka sabini na mitatu, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo kabla ya leo.

Niandike kwa utaratibu, maana habari ikielezwa ovyo humpa mkosaji mahali pa kujificha.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba nilikuwa fundi silaha katika idara ya wanyamapori mpaka nilipostaafu nikarudi hapa Lushoto. Upendo, mtoto wangu wa mwisho, ameingia idara hiyo hiyo, ila si kwa ufundi, naye anaishi Korogwe. Siku zake za mapumziko hulenga shabaha katika klabu yao iliyoko huko chini tambarare, ng'ambo ya Mombo. Bastola ni yake, leseni ni yake, na akija nayo hapa huja nayo tupu, na akiondoka haiachi nyuma. Katika hilo nilimlea vizuri.

Wiki mbili zilizopita alikuja na kiboksi kidogo. Ndani yake mlikuwa na kilengeo cha nukta nyekundu. Wenzake wanakiita darubini, ingawa hakikuzi kitu chochote, na mimi sitakiita hivyo. Ni kioo kidogo chenye fremu ya chuma, kinachofungwa kwa skrubu mbili juu ya bastola. Mlengaji akitazama ndani ya kioo huona nukta moja nyekundu, huiweka juu ya shabaha, basi. Upendo alikuwa amejinyima miezi mingi ili akipate, kwa sababu klabu ilikuwa inachagua timu ya kwenda kushindana Arusha.

"Baba, na hii bisibisi imekuja nacho," aliniambia. "Ukifika kipimo, inalia yenyewe."

"Mimi ya kwangu inalia hapa," nikamwonyesha kidole gumba.

"Haya, redio imewashwa," mke wangu akasema kutoka jikoni.

Ndivyo asemavyo nikianza habari za kazi. Nilikuwa nimeshafungua sanduku langu la vifaa, na mtu akishafungua sanduku lile hurudi mbali sana.

Hurudi kwenye nyumba ya mawe yenye paa la bati, juu huku huku milimani, iliyokuwa ghala letu la silaha nilipoanza kazi. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Hiza, mtu wa Bumbuli, mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua ambalo sikuwahi kuliona likiwa kavu. Alinuka mafuta ya bunduki na tumbaku. Katika ukungu wa huku, bunduki iliyoachwa bila mafuta siku ya Ijumaa ilikuwa na rangi ya udongo siku ya Jumatatu. Kwa hiyo sheria ya Mzee Hiza ilikuwa moja: hakuna chuma kitakachotoka mezani pake kikiwa kikavu. Skrubu, springi, pini, kila kitu kilipakwa.

Asubuhi nzima aliweza kunikalisha nikaze skrubu moja na kuilegeza, macho yamefumbwa.

"Imefika?"

"Imefika, Mzee."

"Haijafika. Kidole chako kinaongea, wewe unakikatiza."

Adhuhuri tulikula viazi vya kuchemsha kwa chumvi, tukiwa tumekaa juu ya makasha matupu, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na kazi, na palikuwa na mtu aliyejali kama skrubu yangu imefika au haijafika.

Baadaye, nilipokuwa nikirekebisha vitu nyumbani, Upendo alikaa miguuni pangu akiwa mtoto wa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kushika kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, na ndani yake niliweka skrubu zisipotee. Hakuwahi kumwaga hata moja. Mkono wake ulikuwa umetulia tangu zamani, na mimi ndiye niliyeuona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hilo ndilo linaloniuma leo.

Siku ile ya wiki mbili zilizopita, basi, nilizitoa skrubu za kile kilengeo kiboksini, nikaona kwenye meno yake kitu cha buluu kilichokauka. Nikasema moyoni, watu wa viwandani siku hizi hawasafishi kazi yao. Nikachovya mswaki katika mafuta ya taa, nikausugua ule ubuluu mpaka ukaisha. Kisha nikazipaka skrubu mafuta, kama nilivyofundishwa. Nikazikaza kwa mkono, macho yamefumbwa. Kidole kikasema zimefika.

Karatasi ya maelekezo niliiacha ndani ya kiboksi. Ule ubuluu ulikuwa gundi.

Wenye kiwanda huipaka kwa makusudi. Kila risasi inapotoka, sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma kwa kishindo na kurudi mbele, na kile kilengeo kinapanda juu yake mara mamia. Skrubu zake ni nyembamba kama bua la mpunga. Bila gundi hujilegeza zenyewe, tena zikiwa na mafuta, hujilegeza kwa furaha.

Jumamosi, siku nane zilizopita, yalikuwa majaribio ya kundi la kwanza. Jioni Upendo akanipigia simu.

"Baba, risasi tano za kwanza zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kikombe. Halafu zikaanza kwenda kushoto. Nikarekebisha, zikarudi. Mara zikaenda tena."

Askari yeyote angeniambia maneno hayo nilipokuwa kazini, ningemjibu kabla hajamaliza: kilengeo kimelegea. Kundi zuri, kisha kuhama, kisha kurekebisha, kisha kuhama tena. Ni dalili iliyo wazi kama homa. Niliwafundisha wengi dalili hiyo. Lakini kile kilengeo nilikuwa nimekifunga mimi, kwa hiyo sikusikia dalili. Nilimsikia mtoto anayetafuta kisingizio.

"Ni kidole chako," nikamwambia. "Unavuta kwa pupa. Umekuwa hivyo tangu zamani."

Ulikuwa uongo. Hajawahi kuwa hivyo.

Kisha akasema, "Sawa, Baba."

Angebishana ningelala vizuri zaidi.

Leo alipanda kutoka Korogwe alfajiri, tukasali pamoja, tukarudi nyumbani. Wakati wa chai akatuambia kwamba amemwomba katibu wa klabu afute jina lake katika majaribio ya kundi la pili, yatakayofanyika Jumamosi ijayo. Alisema ni afadhali aache mapema, maana hataki kuwaaibisha wenzake huko Arusha. Tena mwenzake mmoja yuko tayari kukinunua kile kilengeo. Aliniomba nikifungue.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba ameacha kutumia sukari.

Akaitoa bastola, akachomoa kasha la risasi, akavuta nyuma sehemu ya juu, akanionyesha kwamba ni tupu, nami nikahakikisha kwa jicho na kwa kidole. Kisha akageuka kumsaidia mama yake kumenya viazi.

Nikaweka kidole gumba kwenye fremu ya kilengeo, nikasukuma kidogo.

Kikatikisika.

Si sana. Unene wa karatasi, pengine haufiki. Nikaigusa skrubu ya kwanza kwa bisibisi, ikazunguka bila ubishi wowote. Ya pili vilevile. Zikatoka zikiwa zinang'aa mafuta yangu.

Sasa niandike sehemu ambayo hakuna aliyeiona. Upendo alikuwa amenipa mgongo. Kilengeo kilikuwa kimeshafunguliwa, kama alivyoomba. Ningekirudisha ndani ya kiboksi, angekiuza, na hakuna mtu ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo. Nililipima. Nilifikiria jina langu, na vijana ambao hadi leo hunipigia simu kuniuliza mambo ya kazi. Kwa muda wa dakika moja, mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa tayari mtoto wangu aishi akiamini kwamba mkono wake ni mbovu, ili mkono wangu ubaki mzuri.

Nilichokitazama ni mgongo wake. Alikuwa anamenya kiazi kwa ganda moja refu lisilokatika.

"Mama," nikamwita. Ndivyo ninavyomwita Upendo, kwa jina la heshima ya mama yangu. "Njoo uguse hapa."

Nilikirudisha kilengeo mahali pake, nikazirudisha skrubu kama zilivyokuwa, akagusa. Alielewa mara moja. Ni fundi kuliko anavyojijua.

"Kimelegea?"

"Nilikilegeza mimi. Nilisugua gundi nikidhani ni uchafu, nikapaka mafuta. Kosa ni langu. Kidole chako hakina neno."

Akanitazama. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama! Njoo usikie, Baba amekosea!"

"Baba yupi?" mke wangu akauliza.

"Huyu huyu wa kwetu."

"Andikeni tarehe," mke wangu akasema, akaja na kisu mkononi kuhakikisha kama ni kweli.

Walicheka wote wawili, mimi nikavumilia, kwa sababu nilistahili. Lakini Upendo alipoacha kucheka, uso wake ulibadilika.

"Wiki nzima, Baba," akasema. "Wiki nzima nimekaa nikiuchukia mkono wangu. Hata kalamu nilikuwa naiangalia ninavyoishika."

Nikaitoa karatasi ya maelekezo kiboksini, nikampa.

Tulifanya kazi upya, mezani, karibu na dirisha. Safari hii yeye alisoma karatasi ya maelekezo, mimi nikafuata. Tulizisafisha skrubu na matundu yake kwa spiriti na pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nilipoviona vyuma vile vimekauka kabisa, mezani pangu, niliona haya, kama ninayemkana Mzee Hiza mbele ya watu. Alikuwa sahihi kwa bunduki zake na kwa ukungu wake. Sijui angesema nini juu ya skrubu nyembamba kama hizi. Nadhani angenuna siku mbili, kisha angeomba aonyeshwe.

Upendo alikuwa na kichupa cha gundi ya buluu. Tone moja dogo kwenye kila skrubu, lisizidi. Nikazishikisha zote mbili kwanza, kisha huku robo, kule robo, ili kilengeo kikae sawa bila kuinama upande mmoja.

Kidole kikasema zimefika.

Nikaichukua ile bisibisi yenye kipimo. Ilizunguka. Ikazunguka tena, kiasi ambacho hakikunipendeza hata kidogo, ndipo ikalia. Tik. Na ya pili vivyo hivyo.

Basi kidole changu kimezeeka, na hakikuniambia.

Mwisho Upendo akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika na jicho litaona. Ni akili nzuri, tena rahisi. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuifikiria.

Gundi itakauka kufikia kesho. Amempigia katibu wa klabu, naye amesema jina halijafutwa bado. Afike Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, na apige risasi za kurekebisha kilengeo kwanza. Aliposimama kuondoka, kuwahi gari la kushuka Mombo, nilitaka kumwambia kwamba atachaguliwa. Nikajizuia. Nimeshasema vya kutosha juu ya mkono wake bila kujua. Nilimwambia tu, "Nenda ukalenge." Akasema, "Nitakwenda, Baba." Nimemsikiliza mpaka viatu vyake vikapotea ukunguni.

Tangu aondoke nimekaa nikimfikiria mtu mwingine kabisa.

Alikuwa askari wa wanyamapori aitwaye Salehe, mtu wa Bungu, mpole, mcha Mungu. Mwaka mmoja risasi zake zilitawanyika kwenye jaribio, naye akalalamika kwamba bunduki ina shida. Ilikuwa bunduki iliyotoka mezani kwangu. Niliandika katika taarifa yake kwamba mkono wake si thabiti, na kwa maneno hayo akawekwa kulinda lango miaka yote iliyobaki. Bunduki yake sikuikagua. Pengine mkono wake haukuwa thabiti kweli. Pengine skrubu ya kilengeo cha mbele ilikuwa imelegea. Sijui, na sijui kwa sababu sikutaka kujua.

Nimeuliza kwa simu kwa watu wa kwao. Yuko hai, analima, macho yamepungua nguvu.

Jumanne kuna gari. Sijui nitaanzaje maneno nikifika uani kwake. Nitafika kwanza.