Kwa Nini Nyanya Ananiita Sumni

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Mundika tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama mwenye kelele, tukampa jina lako.

Umeuliza kwa nini nyanya yako ananiita Sumni. Ujanani nilikusanya sumni, zile senti hamsini ndogo za fedha zenye kichwa cha mfalme, ambazo maduka yalishazikataa. Siku moja sokoni Malaba, mimi na ufupi wangu, nimejipaka mafuta, nilimpa moja msichana muuza ndizi niliyetaka anipende.

Akaigeuza. "Kadogo, kanang'aa, na hakanunui kitu. Kama wewe tu, boss!"

Soko zima likacheka. Nikamwambia, "Basi usikatumie, dada. Kaweke."

Akakafunga kwenye pindo la leso.

Sumni ile hajaitumia mpaka leo. Lakini mimi hunituma kila siku. Sasa hivi anataka chumvi, kwa hivyo kalamu naiweka chini.

Babu yako,
Sumni