Nisimwachie Yvonne Nyumba

Kitengela,
9 Februari 2025.

Mpendwa dada yangu Mbeke,

Bwana Yesu asifiwe. Joto la huko Doha linakufanyia nini? Na ule mgongo, umepata nafuu? Sisi tuko wazima kwa neema. Mama anakula vizuri, analalamika tu kwamba hupigi simu. Huku ni jua na vumbi, maji tunangojea lori.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu mambo yangu na Mutunga siwezi kuyasema kwa simu watoto wakisikiza. Kesi ya talaka inaelekea mwisho. Ilibaki kugawana mali.

Unajua tulikuwa na vitu viwili vya maana: nyumba ya Noonkopir na vile vyumba vya kukodisha kule Kisaju. Mutunga alisema nichague kimoja. Mimi nilitaka nyumba. Mbeke, zile taili za jikoni nilizichagua mimi. Nikifikiria yule Yvonne wake akipika chapati pale, akichota maji ya tangi langu, chakula hakishuki. Nimefunga, nimeomba. Nikiinuka tu kutoka magotini, wivu uko mlangoni unaningoja.

Wakili akanituma kwa mama mmoja wa Kajiado anaitwa Naisula. Kazi yake ni kushauri watu wanaotalikiana juu ya pesa na mali. Sikujua kuna kazi kama hiyo. Nilienda nimenuna.

"Nyumba itakupatia nini kila mwezi?" akaniuliza.

"Itafanya Yvonne alale kwingine."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, hiyo nyumba bado iko na mkopo wa benki. Ukiichukua, deni pia ni lako. Yvonne atapata mahali pa kulala. Wewe ndiwe hutalala."

Akasema baba yake akigawa ng'ombe hakuna aliyegombania mwenye pembe nzuri, waligombania anayekamuliwa. Tena akaniuliza kama nilimdhamini Mutunga kwa mkopo wa sacco. Nilikuwa nimesahau kabisa. Akasema jina langu litolewe huko kabla sijaweka sahihi popote, na wakili aulizie penisheni ya Mutunga ya kiwandani.

Nilirudi na hasira. Hata yeye Naisula nilimwonea wivu, vile anajua mambo na hakuna mtu wa kumsumbua roho.

Siku ya kikao cha kugawana mali Mutunga alikuja na Yvonne. Yvonne akaketi nje kwa benchi, amependeza, sitakuficha. Asubuhi hiyo sikuwa nimeomba wivu uondoke. Niliomba tu unyamaze kidogo nikiwa mbele ya mpatanishi.

Mpatanishi akaniuliza nachagua nini. Nikasema, "Vyumba vya Kisaju. Na nitolewe udhamini wa sacco."

Mutunga akageuka haraka kuniangalia. Hapo ndipo nilielewa, dada. Alijua vile nina wivu, na alikuwa ameutegemea umwondolee lile deni la nyumba.

Wivu bado unaniuma. Jana nilizunguka njia ya mbali nisipite hapo Noonkopir. Lakini nikiwa njiani simu ililia, na ilikuwa ujumbe wa kodi ya Kisaju, imeingia kwa jina langu.

Mama na watoto wanakusalimu sana. Nisalimie Nzisa mkionana huko kazini. Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata wivu ukinijaa,
Munyiva